Sura ya Tano: Feni Inazunguka, Kioo Kiko Giza

Asubuhi za Masisi-centre huanza na ukungu. Unatanda juu ya malisho ya ng'ombe, unashuka hadi barabarani, na mpaka saa tatu bado hukioni kilima cha pili. Katika ukungu wa namna hiyo, mwaka 2022, pikipiki ilisimama mlangoni pangu imebeba kompyuta ya mezani iliyofungwa kwa kitenge na kufunikwa turubai. Nyuma ya dereva alikaa mkuu wa shule moja ya sekondari, ameikumbatia skrini kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Fundi, mashini imekufa," aliniambia hata kabla ya kushuka. "Na listi ya watoto wa Ekzeta iko yote mule ndani." Alimaanisha wanafunzi wa mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari.

"Pole, Papa Prefe. Karibu kwanza. Ukiiwasha, feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Na taa ya mbele?"

"Inawaka. Ila kioo kiko giza tu."

"Basi haijafa. Na listi yako ipo."

Nilimwambia hivyo bila kufungua skrubu hata moja, na ninawaambia hivyo wote wanaokuja na uso kama wake. Majina ya wanafunzi, barua, hesabu za duka, picha za harusi, vyote hukaa kwenye diski. Picha unayoiona kwenye kioo hupitia njia nyingine kabisa. Njia hiyo ikikatika, diski haina habari. Inaweza kutolewa na kufungwa kwenye mashini nyingine siku hiyohiyo, na faili zikasomwa kama kawaida. Nimeona watu wakiuza kompyuta kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu kioo kilikuwa giza, na ndani yake kumbukumbu za miaka kumi zikaenda. Hilo huniuma kuliko hitilafu yenyewe.

Ili picha ifike machoni, umeme hutoka ukutani, au kwenye grupu, yaani jenereta, au kwenye betri ya sola, ukaingia pawasaplai, lile sanduku la kugawa umeme. Kutoka pale huenda kwenye ubao mama, na prosesa inaamka. Prosesa inaikagua RAM. RAM ikijibu vizuri, chipu ya picha inaanza kazi, inapeleka ishara kwenye soketi ya nyuma, ishara inasafiri katika waya, inaingia kwenye skrini, na skrini inawasha taa yake ya nyuma. Giza linaweza kuanzia popote katika safari hiyo. Mimi huanzia mwisho, kwenye skrini na waya, nikirudi ndani, kwa sababu kukagua vitu vya nje hakugharimu hata franka moja.

Nilichomeka skrini ya Papa Prefe kwenye umeme, nikaiacha bila kuiunganisha na mashini. Ikaonyesha maandishi madogo kwamba hakuna ishara. Maandishi hayo, yanayowaudhi watu wengi, kwangu ni habari njema: kioo kizima, taa ya nyuma nzima, tatizo liko kwingine. Kama yasingetokea, ningechukua tochi. Skrini bapa za zamani, zilizotengenezwa kabla taa za LED hazijaenea, zina mirija myembamba ya taa nyuma ya kioo. Mirija hiyo ikichoka, au kile kibao kidogo kinachoilisha umeme mkali kikiungua, picha huwa bado ipo ila haina mwanga. Zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi upande upande, utaona alama za dirisha zikielea kama samaki ndani ya maji machafu. Ukiona hivyo, mashini ni nzima.

Kwa zile skrini za chogo, ambazo bado zipo katika ofisi kadhaa za huku, nina neno moja tu: usizifungue. Ndani yake huzalishwa volti 20,000 na zaidi, na sehemu ya chaji hubaki hata baada ya kuchomoa waya. Shule na zahanati zetu haziwezi kumudu kumpoteza mtu kwa ajili ya skrini.

Nikabadilisha waya wa VGA, nikaweka wangu. Giza. Nikabonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi. Kama mashini imeamka vizuri na ni kioo tu kinachokataa, kitaa kidogo cha kibodi huwaka na kuzima kila ukibonyeza. Hiki hakikujibu. Nikaweka sikio karibu na sanduku. Kompyuta nyingi za zamani zina kispika kidogo kinacholia pale zinapojikagua. Kwenye mashini nyingi za enzi hizo mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi humaanisha kwamba upande wa picha umegoma. Hapa palikuwa kimya. Feni inazunguka, hakuna mlio, Num Lock haijibu: prosesa haijafikia hata hatua ya kuuliza kama kuna skrini. Kioo kilikuwa kinasingiziwa.

Hapo nikamuuliza Papa Prefe swali ambalo mafundi wengi hulisahau. Iliacha kuonyesha ghafla, au ilianza kusumbua?

Akafikiri. "Tangu msimu wa mvua inasumbua. Asubuhi sekretere anaiwasha mara tatu, mara ine, ndipo picha inakuja. Mchana haina shida. Juma hili imekataa kabisa."

Asubuhi inagoma, mchana inakubali. Maneno hayo yaliniambia mengi kuliko multimita yangu. Kwenye kila ubao mama wa umri ule kuna vikopo vidogo vya alumini, kapasita, vilivyosimama wima kuzunguka prosesa kama mitungi kuzunguka kisima. Kazi yake ni kuhifadhi umeme kidogo na kuutuliza, ili prosesa ipate volti zilizonyooka wakati umeme unaoingia unayumba. Ndani ya kila kikopo kuna karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Kimiminika kikianza kukauka au kuharibika, kapasita hulemewa, na baridi huizidishia ulemavu wake. Asubuhi ya Masisi, ubao ukiwa baridi kama jiwe la mtoni, kapasita iliyochoka haiwezi kutuliza chochote. Ukiwasha na kuzima mara tatu nne, inapata joto kidogo, inajikaza, mashini inaamka. Siku moja inashindwa kabisa.

Walikale mambo ni kinyume, na fundi anayehama kati ya wilaya hizi mbili lazima alijue hilo. Kule chini msituni baridi si tatizo, joto ndilo linaloua. Wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa kapasita ya aina hii hupungua kwa nusu. Weka mashini katika chumba cha mabati karibu na Njingala, feni yake ikiwa imejaa vumbi, na umekata miaka ya kapasita bila kujua. Juu ya hilo kuna unyevu. RAM za Walikale ninazozitoa huwa zina ukungu wa kijani au weusi kwenye meno yake ya shaba. Mara nyingi hapo hakuna haja ya kununua kitu. Chomoa umeme, toa kile kijiti cha RAM, sugua meno yake taratibu kwa gomu ya kufutia penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka vishikizo vilie. Nathubutu kusema kwamba nusu ya mashini za Walikale zilizopita mikononi mwangu zikiwa na kioo giza zilipona kwa gomu.

Ya Papa Prefe nayo nilianza kwa gomu, kwa kuwa ni rahisi. Haikusaidia. Nikapima pawasaplai: waya wa njano unapaswa kutoa volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3, na upungufu au ziada isizidi asilimia 5. Zote zilikuwa ndani ya mpaka. Kisha nikaleta taa karibu na prosesa nikainama. Vikopo viwili, vilivyoandikwa mikrofaradi 1500 na volti 6.3, vilikuwa vimevimba vichwa. Kapasita nzima ina kichwa bapa chenye alama ya msalaba iliyochongwa. Hivi viwili vilikuwa vimetuna kama mkate, na kwenye mpasuko wa kimoja palikuwa na uchafu wa kahawia uliokauka.

Hitilafu hii ina historia inayojulikana dunia nzima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, kapasita nyingi mno zenye kimiminika kibovu ziliingia kwenye vifaa vya makampuni ya kila aina. Mwaka 2005 kampuni ya Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 kugharamia mashini zilizoathirika. Mashini za miaka ile zilipostaafu katika ofisi za Ulaya, nyingi zilipakiwa kwenye makontena zikafuata njia za biashara ya mitumba hadi kwetu. Tulizipokea zikiwa tayari na ugonjwa.

Kapasita mpya Masisi hakuna. Nina sanduku la mbao lenye ubao mama kumi na tatu zilizokufa kwa sababu nyingine, na humo ndimo ninamochuma vipuri. Masharti ni matatu. Mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe sawa au zaidi, na kwenye ganda paandikwe nyuzi 105, kwa maana za nyuzi 85 hazitadumu karibu na prosesa. Nilipata mbili. Nikapasha moto pasi ya lehemu kwa umeme wa sola, nikaanza kuzitoa zile zilizovimba.

Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa ni kazi hii ya pasi na lehemu iliyonifanya niandike sura nzima juu ya kioo giza.

Lehemu ni bati. Lugha yetu imelitumia neno hilo kwa karatasi za kuezekea, lakini mabati ya nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni ile metali laini, nyeupe, inayoyeyuka kwa nyuzi 232 tu. Lehemu ya zamani ilikuwa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, na iliyeyuka kwa nyuzi 183. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipokataza risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, viwanda vilihamia kwenye lehemu ambayo karibu yote ni bati, ikiongezwa fedha na shaba kidogo. Hiyo inataka joto zaidi, nyuzi 217 hivi. Fundi akiuchukulia ubao mpya kama wa zamani, lehemu haiyeyuki, anakandamiza pasi, na njia za shaba zinabanduka. Karibu nusu ya bati lote la dunia hutumika kwa lehemu. Na bati hilo hutoka wapi?

Sehemu yake hutoka Walikale. Mlima Bisie uligunduliwa kuwa na kasiterite, mawe ya bati, mwaka 2002, na maelfu ya watu wakaingia msituni. Hapakuwa na barabara. Vijana walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi Njingala, wakitozwa na kila mwenye bunduki njiani. Huko Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kuu, zikapakia, zikaruka kwenda Goma. Magari yalisimama kuzipisha. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011, na nyumba nyingi zilikosa chumvi na ada ya shule. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin inachimba Bisie kwa mitambo. Mwaka 2024 mgodi ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Machi 2025 kazi ilisimama waasi wa M23 walipoisogelea Walikale-centre, ikaanza tena Aprili walipoondoka. Huo mgodi mmoja ukinyamaza, bei ya bati inapanda London.

Masisi nayo ina chake. Kwenye ubao uleule wa Papa Prefe, mbali kidogo na vile vikopo vya alumini, kulikuwa na vipande vidogo vya njano, umbo la tofali, visivyozidi punje ya mchele. Hizo nazo ni kapasita, za tantalamu. Hazina kimiminika cha kukauka, kwa hiyo hazivimbi, na zinavumilia umri. Tantalamu hutolewa kwenye koltani, ule mchanga mweusi mzito ambao kila mtoto wa Rubaya, humu Masisi, anaweza kuupima kwa kiganja na kukwambia ni mzuri au umechanganywa. Kwa makadirio yanayotajwa na Umoja wa Mataifa, vilima vya Rubaya vinatoa kama asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na hutoka kwa koleo, nondo na maji ya kusafishia, chini ya miteremko inayoporomoka na kufukia watu. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23.

Watu hao waliochimba, yaani ndugu na majirani wa wanafunzi walioandikwa kwenye listi ile, hawakuwahi kufundishwa kile kipande cha njano kinafanya nini. Hilo ndilo ninalolililia. Mawe yetu huondoka ghafi. Yakishafika kwenye matanuru ya ng'ambo, bati la Walikale huchanganywa na la nchi nyingine, halina kabila tena, na hurudi kwetu kama roli ya waya wa lehemu ya gramu mia, au limejificha ndani ya mashini chakavu. Kwenye vitabu vya shule wilaya hizi hutajwa kwa madini na kwa vita. Ninataka mtoto wa Masisi akiangalia ubao mama aseme: hii ninaijua, na ninaweza kuitengeneza.

Basi ajue na jambo hili, ambalo mimi nilifundishwa na moshi. Kikopo cha alumini kina mstari ubavuni, na mstari huo huonyesha upande wa hasi. Kipande cha tantalamu nacho kina mstari, lakini wake huonyesha upande wa chanya. Nilipokuwa kijana najifunza kazi Goma, niliweka tantalamu kwa kufuata mazoea ya alumini. Nilipowasha umeme iliwaka mwali mdogo mweupe, ikatoboa ubao. Kompyuta ilikuwa ya mama mmoja mchuuzi wa vitambaa. Nilimlipa kwa miezi minne.

Kapasita mbili za Papa Prefe ziliingia vizuri. Nilisubiri lehemu ipoe na kung'aa, nikasafisha kwa brashi ya meno na spiriti, nikarudisha RAM, nikawasha. Mlio mmoja mfupi. Papa Prefe akasimama. Kioo kikawaka, maandishi yakaanza kupita, kisha dirisha likafunguka, na kila kitu kilikuwa cha manjano. Ukurasa uliopaswa kuwa mweupe ulikuwa rangi ya ndizi mbivu.

"Kioo kimeungua?" aliuliza.

Hakikuwa kimeungua. Waya wa VGA hupeleka rangi tatu kila moja kwenye pini yake: nyekundu pini ya 1, kijani ya 2, bluu ya 3. Macho yetu huona nyeupe pale zote tatu zinapofika. Nyekundu ikipotea, nyeupe hugeuka samawati ya kijani. Kijani ikipotea, inakuwa zambarau yenye wekundu. Bluu ikipotea, inabaki manjano. Waya ulikuwa wangu na mzima. Kwa hiyo pini ya 3 haikuwa inagusa upande wa mashini. Nilikishika kichwa cha waya nikakiinua kidogo kwa kidole. Nyeupe ikarudi. Nikaachia: manjano.

Soketi ile hubeba uzito wa waya mnene miaka yote, na safari ya pikipiki katika mawe ya barabara ya Masisi ilimalizia kazi. Nilichomoa tena, nikageuza ubao, nikashika lenzi. Kuzunguka mguu wa pini ya 3, katika lile tone la bati, palikuwa na duara jembamba jeusi, ufa usioonekana kwa macho matupu. Lehemu ikishapasuka hivi huachia na kugusa, kuachia na kugusa, na watu hupigapiga mashini kwa kofi, ikakubali, wakadhani kofi limeiponya. Nilipaka mafuta ya lehemu, nikagusa kwa pasi sekunde tatu, nikaongeza bati jipya kidogo. Tone la zamani lilikuwa la kijivu, limefifia. Lilipoyeyuka likang'aa ghafla kama jicho, likapanda kuzunguka mguu wa pini, likatulia kama mlima mdogo wenye miteremko iliyonyooka.

Nilipowasha mara ya pili ukurasa ulikuwa mweupe. Papa Prefe alivuta kigoda, akafungua listi, akaanza kusoma majina kwa sauti ya chini, jina kwa jina, kidole kikifuata kwenye kioo. Sikumkatiza. Alipofika mwisho nilinakili faili ile kwenye flashi mbili. Moja akaitia mfuko wa shati akafunga kifungo, nyingine akaifunga kwenye pembe ya kitenge. Kisha tukakata kipande cha kamba ya katani, tukafunga waya wa VGA kwenye mgongo wa sanduku ili uzito wake usiiangukie soketi tena, na nikamwomba amwambie sekretere asiiwashe asubuhi kabla jua halijafika dirishani.